Nimeficha dawa ya mwanangu kwenye kopo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 29, naishi Mwanza. Nina binti wa miaka miwili na miezi mitatu mwenye sikoseli. Ugonjwa ulijulikana akiwa na miezi minane, vidole vya mikono na miguu vilipomvimba akawa analia usiku kucha, hata shuka likimgusa analia. Jirani mmoja alisema ni baridi, mwingine akasema amerogwa. Hospitali wakamtoa damu, majibu yakarudi SS, ndiyo sikoseli yenyewe.

Tangu hapo tuko kliniki. Anakunywa foliki kila siku, na Pen V, penisilini ya kumkinga na maambukizi, asubuhi na jioni. Siku hizi ni nusu kidonge kila mara. Nesi alinifundisha kukisaga katikati ya vijiko viwili na kukichanganya na maji kidogo. Niliambiwa ataitumia mpaka afikishe miaka mitano. Sikubisha, maana mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, alifariki akiwa na miezi 14. Aliamka na homa, tukampa panadol, jioni akalegea, alfajiri haikumkuta. Hatukujua ni nini. Hakuwahi kupimwa sikoseli.

Wiki saba zilizopita binti yangu alishikwa na mafua na kikohozi, na mwili ukawa wa moto kidogo. Ilikuwa Jumamosi jioni, nikaenda duka la dawa la mtaani nikapewa Septrin ya maji. Siku ya tatu akatokwa na vipele vidogo vyekundu kifuani na mgongoni, vikashuka hadi mapajani. Hakuvimba uso, alipumua vizuri na kucheza alicheza, ila alikuwa anajikuna. Nilimpiga picha nikamtumia dada yangu. Niliporudi dukani, muuza dawa akaniuliza mtoto anatumia dawa gani nyingine. Nilipotaja Pen V akashtuka: "Huyo ana aleji ya penisilini. Ukimpa tena atakufia mkononi."

Nikaacha siku hiyohiyo. Ile Septrin iliyobaki nayo nikaimwaga. Baada ya siku nne au tano vipele vikaisha.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alifurahi. Tangu mwanzo hakupenda. Anasema mtoto anakula dawa kila siku kama mzee wa sukari. Lakini simsemi vibaya, anampenda mjukuu wake, kila jioni anampapasa tumbo kuona kama bandama imevimba, kama tulivyofundishwa. Mume wangu ni dereva wa lori. Kwa simu ananiambia redioni kila siku wanatangaza tuache kutumia antibiotiki ovyo, kuna usugu wa dawa. "Ukimmalizia dawa akiwa mzima, siku akiumwa atatibiwa na nini?" Sina jibu la kumpa.

Tangu niache nimeenda kliniki mara moja. Nesi akauliza, "Dawa zinaendelea?" Nikasema ndiyo. Akaandika kwenye daftari, akanipa nyingine. Nimezitia kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Kila asubuhi nikimpa foliki naliangalia lile kopo. Mtoto hajaumwa, ananenepa, na mama mkwe ananiambia, "Si unaona?"

Natakiwa kurudi baada ya wiki tatu. Nikisema ukweli wataniona mama wa namna gani? Nikinyamaza, ikija homa kama ya kaka yake? Nikianza kumpa kimyakimya, kama kweli ana aleji? Shangazi, nikimpa namuua, nisipompa namuua. Nisaidie.

Mwenye Kopo, Mwanza

*

Marahaba mwanangu,

Kabla ya vipele na vidonge, pole kwa mwanao wa kwanza. Umemtaja kwa mistari michache ukapita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa mkali. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nilipofika penye kopo nilimwona yeye.

Nikikusikia vizuri, una hofu mbili na aibu moja, na vyote umevifunga fundo moja mpaka hujui uanzie wapi kulifungua. Unaihofia dawa, unaihofia homa, na unaionea aibu ile "ndiyo" uliyomjibu nesi. Mimi si daktari na mtoto sijamwona, kwa hiyo sitakuambia ana aleji au hana. Ninachoweza ni kulilegeza fundo kidogo, nikuulize mambo ambayo huenda hukupata nafasi ya kujiuliza siku ile dukani.

"Atakufia mkononi." Ni neno zito kumwambia mama yeyote, sembuse aliyekwisha kuzika. Sishangai kwamba limekuganda. Lakini angalia linavyofanya kazi. Dawa unayompa unaiona: kijiko, maji, mdomo wa mtoto, mkono wako. Dawa usiyompa haionekani popote isipokuwa ndani ya kopo. Kwa hiyo kumpa kunaonekana ni kitendo, na kutompa kunaonekana ni kutulia tu. Je, ni kutulia kweli? Wewe mwenyewe huamini, la sivyo usingeliangalia lile kopo kila asubuhi.

Turudi kwenye ile wiki ya vipele. Muuza dawa alitaja mshukiwa mmoja, lakini mimi kwenye barua yako nimewahesabu watatu. Kulikuwa na mafua yenyewe. Watoto wadogo hutokwa na vipele vya namna hiyo kwa virusi tu, bila dawa yoyote, navyo huondoka vyenyewe baada ya siku chache. Kulikuwa na Septrin, ambayo ina salfa ndani yake na inajulikana sana kwa kuwatoa watu vipele, naye alikuwa ameianza siku tatu tu kabla. Kisha kulikuwa na Pen V, aliyokuwa ameitumia karibu mwaka mmoja na nusu bila neno. Siiondoi kwenye orodha, maana mwili unaweza kuikataa hata dawa uliyoizoea. Nauliza tu: kwa nini mgeni wa siku tatu aliachiwa, akashikwa mwenyeji? Nadhani ni kwa sababu jina la penisilini linatisha kuliko mengine. Na kwa kuwa uliziacha zote mbili pamoja, kuisha kwa vipele hakutuambii lolote kuhusu ipi ilivileta, kama ni dawa kweli.

Aleji ya hatari ya penisilini ipo, na sitaki uichukulie kirahisi. Mara nyingi huja ndani ya dakika chache au saa moja mbili tangu dawa imezwe: mabaka yaliyoinuka kama ya upupu, kuvimba midomo, ulimi au kope, kupumua kwa mlio, kutapika na kulegea ghafla. Hapo unakimbia hospitali, hungoji. Ipo na aina nyingine, ya kuchelewa, ambayo ngozi hutoka malengelenge au kubanduka, na vidonda vinatokea mdomoni na machoni. Mtu aliyepata haya hajaribiwi tena na dawa iliyomletea. Ulichoniandikia wewe ni vipele vidogo, mtoto anapumua vizuri na anacheza. Tofauti hiyo daktari atataka kuisikia kwa maneno yako, na ile picha uliyomtumia dada yako usiifute.

Jambo hili limechunguzwa katika nchi nyingi: watu wengi sana hutembea na maandishi ya "aleji ya penisilini" kwenye mafaili yao, na wakipimwa vizuri, zaidi ya tisa kati ya kila kumi hukutwa wanaweza kuitumia bila shida. Maandishi hayo yana gharama. Amoksilini ni ya ukoo huohuo wa penisilini, na ndiyo dawa ya kwanza kwa mtoto mwenye nimonia. Ukiliacha neno la dukani likae bila kuchunguzwa, siku binti yako akiumwa sana utaulizwa "ana aleji yoyote?", nawe utajibu kwa woga, na daktari atailaza pembeni dawa nzuri ambayo huenda mtoto angeiweza. Na kama kweli ana aleji, basi ni vizuri zaidi ijulikane kwa uhakika na iandikwe kwa wino kwenye daftari lake. Vyovyote iwavyo, kutojua ndiko kunakomgharimu.

Sasa bandama, ambayo bibi yake anaipapasa kila jioni. Kiungo hiki ndicho kinachochuja damu na kuwanasa bakteria fulani kabla hawajaenea. Kwa mtoto wa SS, chembe nyekundu za damu zilizojikunja huziba njia zake ndogo na kuiharibu mapema, mara nyingi kabla hajatimiza miaka miwili au mitatu. Anabaki na mlango usio na mlinzi. Mwizi mkubwa anayeupitia ni bakteria aitwaye pneumokokasi, na akishaingia kwenye damu hufanya kazi kwa saa, hangoji siku. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walichapisha mwaka 2009 kwamba watoto wenye sikoseli walikuwa na hatari zaidi ya mara 20 ya kupata bakteria kwenye damu kuliko wenzao, na pneumokokasi ndiye aliyeongoza. Kabla ya hapo walikuwapo wataalamu waliodhani huyo ni tatizo la Ulaya na Marekani tu.

Na ile nusu ya kidonge ina historia yake. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa watoto 215 wa sikoseli, wote wakiwa na umri chini ya miaka mitatu. Kundi moja lilipewa Pen V miligramu 125 asubuhi na jioni, sawa na nusu ya kidonge cha 250. Kundi la pili lilipewa kidonge kisicho na dawa ndani. Katika waliokosa, 13 kati ya 110 walipata maambukizi makali ya pneumokokasi na watatu wakafa. Katika waliopata, waliougua ni wawili kati ya 105, na hakuna aliyekufa kwa maambukizi hayo. Utafiti ulisimamishwa miezi minane kabla ya wakati, kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Soma tena hesabu hiyo, maana inasema pia kwamba wengi wa waliokosa dawa hawakuugua. Ndiyo maana mama mkwe anaweza kukuambia "si unaona?" na kwa wiki saba akawa amesema kweli. Hatari hii haibishi hodi kila siku.

Mumeo naye usimwone mkaidi. Redio inasema kweli, na swali lake ni la mtu anayefikiri. Antibiotiki ovyo ni ile ya kununuliwa Jumamosi jioni kwa mafua (nisamehe, mwanangu, lakini Septrin ile iko karibu zaidi na tangazo la redio kuliko Pen V). Ovyo ni kuanza na kuacha njiani, kugawana dozi na jirani, kubakiza cha akiba. Dawa ya binti yako imepimwa kiasi, ina sababu na ina mwisho. Je, haichangii usugu hata kidogo? Siwezi kusema hivyo. Bakteria wanaokaa puani mwa mtoto wanaweza kuizoea, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutotaka aitumie maisha yote. Ndiyo maana anapewa pia chanjo ya nimonia, iliyoingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania karibu na mwanzo wa 2013. Lakini aina za bakteria huyo ni nyingi kuliko zile zilizomo kwenye chanjo, kwa hiyo chanjo na dawa hushikana mikono. Muulize mumeo swali moja kwa upole: akiumwa leo, akiwa hana kinga ya dawa wala ya bandama, tutakuwa na saa ngapi za kumtibu? Mpe nafasi naye ajibu.

Njia zilizo mbele yako naziona hivi.

Unaweza kungoja hizo wiki tatu, uende siku yako. Uzuri wake ni kwamba hutahitaji kumweleza mtu yeyote nyumbani kwa nini unatoka mapema. Ubaya wake unaujua, ni siku 21 nyingine juu ya 49.

Unaweza kufungua kopo kesho asubuhi na kumpa kimyakimya. Naelewa kishawishi hicho. Ungeondoa aibu bila kusema neno. Lakini kama yule wa dukani alibahatisha ukweli, utakuwa peke yako jikoni na mtoto anayevimba midomo. Na kama hakuna kitakachotokea, utaendelea kumpa kwa mkono unaotetemeka, na kwa kipele chochote kitakachofuata utaacha tena.

Au unaweza kwenda kabla ya tarehe, wiki hii, hata kesho, uwaambie yote. Hapo wanayo ya kufanya ambayo wewe na mimi hatuwezi. Watauliza saa, siku, picha. Wakiona hatari ni ndogo, wanaweza kuamua kumpa dawa palepale kidogokidogo na kumwangalia kwa saa moja au zaidi, dawa za dharura zikiwa karibu. Wakiona penisilini haifai kabisa, kuna erithromaisini, ambayo hutumika mahali pake kwa watoto wa namna hii. Inaweza kuwasumbua tumbo, na haipatikani kila mahali, lakini mlango haubaki wazi. Nadhani hukujua kwamba kuna njia ya tatu kati ya "nampa" na "simpi". Hukuambiwa dukani, na kliniki hukuuliza.

Kuhusu hiyo kliniki. Huenda utapata nesi mkali. Wapo, sitakudanganya. Lakini nesi anayehudumia sikoseli Kanda ya Ziwa, ambako watoto hawa ni wengi, kopo kama lako amekwisha kuyaona mengi, na mengine yalikuja yamechelewa. Na swali lenyewe, "dawa zinaendelea?", huulizwa mtu akiwa tayari anaandika jibu. Ulijibu kama wengi wanavyojibu. Ukishindwa kutamka, beba kopo zima, uliweke mezani. Vidonge vitajihesabu vyenyewe. Waangalie na tarehe za mwisho wa matumizi, maana umechanganya vya miezi tofauti.

Wakikuambia urudie Pen V, yapo madogo ya nyumbani ya kuwauliza. Hunyonywa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, yaani saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada, lakini kwa mtoto wa miaka miwili uliza wenyewe wanaona ratiba gani inawezekana kwako. Ukisahau, mpe ukikumbuka. Kama saa ya dozi nyingine imekaribia, ruka, usimpe mbili kwa pamoja. Akiharisha kidogo siku za mwanzo si ajabu, akiharisha sana waambie. Ukienda duka la dawa kwa jambo lolote, taja kwanza kwamba mtoto ni wa sikoseli na yuko kwenye Pen V, kabla hata hujasema anaumwa nini.

Na kuna moja ambalo siliachi kwenye hiari yako, uamue lolote kuhusu dawa. Homa kwa mtoto huyu ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Kipimo kikifika 38.5 usihesabu tena, na kama huna kipimo, mkono wako unatosha. Panadol mpe njiani ukitaka, lakini isiwe sababu ya kusubiri asubuhi. Hivyo hivyo akipauka ghafla, akilegea, akipumua kwa shida, au bibi yake akihisi bandama imekua kuliko jana. Ile Jumamosi ya mafua na mwili wa moto ilikuwa siku ya hospitali, si ya duka. Sikusemi. Nakuambia kwa ajili ya Jumamosi nyingine.

Hukuniuliza kuhusu mwanao wa kwanza, ila swali lake liko katikati ya mistari. Hakuna atakayejua sasa alikuwa na nini. Wewe na mumeo mnabeba kila mmoja upande wa ugonjwa huu, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, kwa hiyo inawezekana, na inawezekana pia haikuwa hivyo. Ulichokuwa nacho siku ile ni panadol na yale uliyoyajua, ukavitumia vyote.

Mama mkwe nenda naye. Mwambie unahitaji mtu wa kumshika mtoto foleni ikiwa ndefu, ambayo pia ni kweli. Mkiingia ndani, muombe daktari amwonyeshe yeye, kwa mkono wake mwenyewe, bandama ya mjukuu wake inakaa wapi na kwa nini haifanyi kazi. Yeye ndiye anayeipapasa kila jioni. Halafu uniandikie walisemaje.

Shangazi